Kabla hujachukua .45: jibu kwa mkuu wa Mbagala

Mkuu, umeuliza uchukue bastola ya kaliba ipi, yaani upana wa risasi, kati ya 7.65, 9 mm na .45, ukasema muuzaji amekusisitizia .45 kwa kuwa "mtu akila hiyo haamki". Umesema pia wewe ni wakala wa pesa, unafunga saa tatu usiku na unarudi na mauzo mkononi. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, namiliki kihalali tangu 2011, na bastola ya kwanza nilichagua vibaya. Ndiyo maana naandika kirefu.

Chukua 9 mm. Ila nisikuachie hapo, maana sababu ni muhimu kuliko jibu.

Mimi nilianza na 7.65, ambayo Wamarekani huiita .32, risasi ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1800. Niliipenda kwa sababu inakaa kiunoni bila kuonekana hata ukivaa shati jepesi kwenye joto letu hili, na teke lake, yaani inavyorudi nyuma ukifyatua, ni dogo. Lakini kichwa cha risasi yake, kile kinachoruka, hakifiki gramu 5, na bastola zake nyingi ni fupi mno, vilengeo vyake ni vidogo kama punje ya mchele. Hatua saba tu kutoka kwenye karatasi nilikuwa natawanya risasi ovyo. Simdharau mwenye nayo. Namjua mzee mwenye mikono dhaifu ambaye hawezi hata kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu inayovutwa nyuma, ya bastola kubwa, na kwake 7.65 ndiyo sahihi. Wewe kijana mwenye mikono mizima huna sababu hiyo.

Baadaye nikataka kuruka moja kwa moja hadi .45. Rafiki yangu anayo, akaniruhusu kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha mbele ya msimamizi. Risasi yake ina kichwa cha karibu gramu 15, mara mbili ya 9 mm nyepesi. Ya kwanza ikaingia katikati ya karatasi nikajiona mwamba. Za pili na tatu zikaenda kwenye mchanga. Rafiki akachukua kasha la bastola linalobeba risasi, akachanganya risasi moja bandia kati ya zile halisi bila kuniambia ipo nafasi ya ngapi. Nilipoifikia, nikavuta kifyatulio, haikulia, na mdomo wa bastola ukachimba chini kama napigilia msumari. Mkono ulikuwa unaogopa mlio kabla haujaja. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha ukweli wangu wazi namna ile. Tulirudia zoezi lile lile na 9 mm: mara ya kwanza mdomo ulitikisika, wiki ya tatu ulikuwa umetulia. Ukipata mtu wa kukufanyia zoezi hilo kabla hujalipa, litakuambia mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Sasa hili la "haamki". Bastola hairushi mtu nyuma, hayo ni ya kwenye sinema. Mtu huanguka papo hapo akipigwa kwenye ubongo au uti wa mgongo. Kwingine kote unasubiri damu imtoke, na katika sekunde hizo bado anaweza kukudhuru. Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu Miami, tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipopambana na majambazi wawili. Jambazi mmoja, Michael Platt, alipigwa mapema risasi ya 9 mm iliyoishia karibu na moyo bila kuufikia. Aliendelea kupigana, na maofisa wawili walikufa. FBI wakalaumu risasi, wakahamia milimita 10, kisha .40. Ila teke likawasumbua wengi, na vichwa vya 9 mm vikaboreshwa sana, hivyo katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9 mm. Kipimo chao ni kichwa kiingie inchi 12 hadi 18 kwenye jeli maalumu inayoiga nyama ya mwili, yaani kama sentimita 30 hadi 46, na 9 mm nzuri ya leo inafika hapo. Kwa hiyo ukiambiwa 9 mm ni ya kitoto, jua msemaji amebaki mwaka 1986.

Kuna jambo jingine ambalo Wamarekani hawa huwa hawalizungumzi, kwa sababu hawaishi Dar. Wakati wa hofu ya Panya Road, yale magenge ya vijana wa Dar, ya 2022 niliamka usiku, nikakuta vijana watatu wanang'oa dirisha la jikoni. Bastola mkononi, mwanga wa taa ya nje unanionyesha kifua cha mmoja vizuri kabisa. Nyuma yake, hatua nne, kuna chumba cha mpangaji wangu, ukuta wa mbao na bati, mama na watoto wawili wamelala. Risasi ya kawaida yenye kichwa kigumu, iwe 9 mm au .45, inaweza kupita mwili na kupita bati lile bila shida. Sikufyatua. Nilipiga kelele za mwizi, majirani wakawasha taa, wale vijana wakakimbia na sufuria mbili. Nimewaza usiku ule mara nyingi sana, na sijawahi kutamani ningekuwa na kaliba kubwa zaidi. Kwa hiyo ukiweza kupata kihalali risasi zenye kichwa cha shimo, zile zinazochanua zikiingia, nunua hizo kwa ajili ya nyumbani, na zenye kichwa kigumu ziwe za mazoezi. Kisha tembea nyumbani kwako mchana, simama kila mlango, angalia nani analala nyuma ya kila ukuta.

Jambo la mwisho la kiutendaji. Silaha utakayoomba ndiyo itakayoandikwa kwenye leseni, na chini ya sheria ya silaha ya 2015 hubadilishi kienyeji kama unavyobadilisha simu. Kwenye duka ninakonunulia, 9 mm sijawahi kuikosa, 7.65 niliwahi kuisubiri miezi. Na usikae na risasi zile zile kwenye kasha miaka mitatu. Jasho na hewa ya bahari zinazila: moja yangu iligoma kulia kwenye mazoezi, ganda limeota kijani. Sasa zangu nazimaliza uwanjani kila mwaka na kuweka mpya.

Kuhusu ile safari ya saa tatu usiku, mkuu, funga saa kumi na mbili kama biashara inaruhusu, na usipite njia moja kila siku. Ukishapanga siku ya kwenda uwanjani nitumie ujumbe, nitakuja na risasi bandia.