Kabla hujalipia chaja ya ukutani ya kilowati 22

Mkuu, umesema umeagiza gari la umeme, Nissan Leaf, kutoka Japani, unaishi Mitwero, Lindi, na kuna mtu amekwambia lazima ufunge chaja ya ukutani ya kilowati 22 na uvute fezi tatu, vinginevyo gari litashinda kwenye chaji siku mbili. Usimlipe bado. Mimi niko Mtwara, Shangani. Leaf yangu ni ya 2016, betri ya kWh 30, na huu ni mwaka wa pili naichaji nyumbani. Hicho kifaa kisingenisaidia chochote, na wewe hakitakusaidia.

Kinachowachanganya wengi ni hilo neno chaja. Betri inapokea umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja), ukuta unatoa AC (mkondo geu). Mashine ya kugeuza AC kuwa DC imo ndani ya gari, ilifungwa kiwandani. Boksi la ukutani kwa hakika ni swichi: linaliarifu gari kuna ampea ngapi, linakagua usalama, halafu linaruhusu umeme upite. Leaf za Japani za miaka hiyo nyingi zina mashine ya kilowati 3 na ushee, baadhi zina ya 6, na zote ni za fezi moja. Ukilifungia boksi la 22, gari litavuta 3 au 6 zake zilezile. Aliyekuuzia anaweza kukuangalizia lako ni lipi kwa namba ya chesisi.

Na kWh isikutishe, ni uniti ileile ya umeme unayonunua kwa LUKU. Betri ya 30 ni tanki la uniti 30 likiwa jipya. Langu limebaki vijiti 10 kati ya 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi, kwa hiyo nahesabu kama uniti 20 za kutumia.

Njia ya kwanza ya kuchaji ni soketi ya kawaida ya ampea 13. Ukitumia waya wa kuchajia (ule wenye kiboksi chake) uliowekwa kwenye ampea 10, unapata kama kilowati 2.3. Ukichomeka saa mbili usiku, kufikia saa kumi na mbili asubuhi umeingiza kama uniti 20. Kwa mizunguko ya Lindi mjini hiyo ni nyingi kuliko utakayotumia kwa siku.

Hapa naomba usome polepole. Waya unaokuja na gari kutoka Japani mara nyingi ni wa volti 200, ampea 15, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Mafundi wanaikata na kufunga plagi ya ampea 13. Gari linawaka chaji, kila mtu anafurahi, lakini sasa unapitisha ampea 15 kwenye plagi ya 13 usiku kucha. Fyuzi ya 13 haikatiki kwa 15, inavumilia tu huku ikichemka. Yangu nilikuta soketi imegeuka kahawia na inanuka plastiki, wiki ya tatu tu. Tangu hapo natumia plagi ya bluu ya viwandani ya ampea 16, yenye laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi: waya wa milimita za mraba 4, breka yake, na breka ya kukata umeme ukivuja. Hiyo ndiyo njia ya pili, na mimi nimeishia hapo. Inajaza gari langu kwa saa saba hivi. Ekstensheni sahau kabisa.

Halafu ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Siku ya kwanza waya wangu uliwaka taa nyekundu ukagoma, kwa sababu unapima ethi kabla ya kutoa umeme, na ethi ya nyumba yangu ilikuwa jina tu. Fundi akapendekeza aunganishe ethi na nyutro palepale kwenye soketi, "utadanganyika tu huo." Nilikataa, na nakusihi ukatae. Nyutro ikikatika huko kwenye nguzo, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme. Matairi ni mpira, kwa hiyo umeme hauna pa kwenda mpaka mtu aguse mlango akiwa peku kwenye ardhi yenye maji. Kwangu mtu huyo angekuwa mwanangu. Nilitafuta fundi mwingine mwenye kipimo cha ethi. Mchanga wetu wa pwani ukikauka kiangazi haupitishi umeme vizuri, akapigilia fimbo mbili za shaba badala ya moja, taa ikawa ya kijani. Anza na hilo kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Njia ya tatu ni DC ya haraka, kupitia tundu kubwa lililo puani mwa gari, linaitwa CHAdeMO. Hapa mashine ya kugeuza umeme iko nje, ni kabati zima, na umeme hauhitaji kupitia ile ndogo ya ndani ya gari, ndiyo maana Nissan walitaja dakika 30 mpaka asilimia 80. Baada ya 80 kasi inashuka yenyewe. Ila magari mengi mapya ya Ulaya yanatumia tundu la CCS, ya China la GB/T, kwa hiyo ukikuta kituo, uliza tundu kwanza. Pia betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Kwa joto letu la Novemba, kuipiga DC mara mbili kwa siku ni kuizeesha, na chaji ya taratibu ya usiku inaifaa zaidi.

Kuhusu gharama: mimi naenda Mikindani na kurudi kila siku ya kazi, kama kilomita 22, uniti 4 hivi pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa mwezi ni 100 na kidogo. Kama uko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, wa chini ya uniti 75, gari litakutoa humo, utanunua kila uniti kwa takriban shilingi 356. Kwangu inakuja kama elfu 37 kwa mwezi.

Mtwara hadi Lindi nafika kwa chaji moja nikienda mwendo wa 70, na nalala kwa shemeji, mtaa wa Mtanda, gari likiwa kwenye soketi yake. Yake ni ya ampea 13, kwa hiyo huko natumia waya wa ampea 10, na nimeshaipima ethi. Ukilipokea gari, piga picha ya kibandiko cha nyuma ya boksi la waya, uiweke hapa, nikwambie ni wa ampea ngapi kabla hujamwita fundi wa kukata plagi.