Usimwambie Kasafiri: kwa mwalimu mpya wa awali

Mwalimu, karibu Mikindani. Watakuelekeza habari za silabi, uji na uhaba wa madawati. Hakuna atakayekwambia kwamba asubuhi moja mtoto ataingia darasani macho yamemvimba, na ukimuuliza atasema paka wake kafa. Mimi lilinikuta mwaka wangu wa kwanza, nikaliharibu.

Binti alikuwa na miaka 5. Ili anyamaze nikamwambia, "Paka kasafiri, kaenda Lindi kwa ndugu zake." Akanyamaza kweli, nami nikajiona fundi. Wiki mbili baadaye mama yake akapata msiba Lindi. Pale stendi, mlangoni mwa basi, mtoto akaushika upindo wa kanga ya mama asiuachie, konda anafoka, abiria wanacheka. Mama hakujua kulikoni. Aliponisimulia, mimi nilijua: wanaokwenda Lindi hawarudi.

Sema "amekufa". Kusema "amelala" ni kubaya zaidi, maana usiku unakuja na yeye mwenyewe anatakiwa alale. Mweleze kwa mwili: hapumui, hali, hasikii maumivu, hataamka tena. Kesho yake atakuuliza kama paka amerudi. Usikasirike. Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 kifo bado ni kitu cha kwenda na kurudi. Wengi huanza kushika kwamba hakuna kurudi wakifika miaka 7 hivi. Mjibu tena kwa maneno yaleyale. Umdodose pia kidogo ujue kama anajilaumu, kwa sababu kuna anayeamini paka kafa kwa vile juzi alimfukuza na ufagio, na hatalisema hilo mpaka aulizwe.

Wazazi nao waambie kuhusu neno "mzoga". Jana paka alikuwa na jina, leo mtoto anasikia "tupa huo mzoga jalalani." Bora shimo refu nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, mbwa wasilifukue, na mtoto atie konzi yake ya udongo. Baba mmoja aliniuliza, "Mwalimu, paka tumzike kama mtu?" Hapana, mzee wangu. Sanda hakuna, matanga hakuna. Shimo tu, na mtoto awepo.

Akiwa mbwa, kabla ya pole uliza alikufaje. Kama alibadilika tabia, akadondosha mate, akauma ovyo, fikiria kichaa cha mbwa. Mtoto aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa penye kidonda aoshwe pale pale kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo akachanjwe, hata kidonda kiwe kidogo vipi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Hapo mtoto haendi kwenye shimo, na mzoga haugusi.

Lakini zaidi utakutana na kuku. Huku mtoto hupewa kifaranga, akaambiwa "huyu wako," akamlea, akampa jina. Siku anakuja mgeni, mtoto anarudi shule na kukuta manyoya uani. Kwangu mimi hiki ndicho kifo kigumu kuliko vyote, maana aliyeua ni baba, na jioni sahani inawekwa mbele. Nimeshawaambia wazazi wengi: kama kuku ni wake, mwambie kabla ya kisu, na akikataa kula usimlazimishe. Wengine hunicheka. Wacha wacheke.

Kisha kuna mdondo, ugonjwa wa kuku ambao humaliza banda zima kwa siku chache. Waliokufa wazikwe au wachomwe, mtoto asiwashike. Chanjo ipo, tone moja katika jicho moja, hurudiwa kila miezi 3. Mwanafunzi wangu mmoja alipoteza kuku wote, na mama yake akataka kumnunulia mwingine keshoye. Nikamwomba asubiri mpaka mtoto aombe mwenyewe. Aliomba baada ya mwezi na kitu. Siku ya chanjo yeye ndiye aliyekamata kuku, kamkumbatia kifuani, kidole kimetanua jicho taratibu, na kabla tone halijadondoka akamuuliza mtaalamu wa mifugo, "Hii inatosha mpaka lini?"