Benchi la Baraza kwa Mbao za Mapaleti

Ukikaa Mtwara mjini, kwenye bandari na maghala ya korosho, mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, huyakosi. Watu wanayachoma kuni. Inaniuma, maana mle mna mbao kavu za benchi zuri la baraza, na si lazima uwe seremala kuiweza kazi yenyewe.

Kabla hujatoa hela, tafuta muhuri ubavuni mwa paleti. Yaliyosafiri nje ya nchi huwa na alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, na namna mbao zilivyotibiwa. HT maana yake zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30 au zaidi, hizo chukua. MB zimefukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu. Mimi siziingizi nyumbani hata nikipewa bure. Lenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa liache vilevile, kwani muhuri hausemi lilibeba nini.

Sasa kimo. Paleti la kawaida lina unene wa sentimita 14 au 15, kwa hiyo matatu yakipandishana yanafika 43 hivi, na hapo miguu ya mtu mzima inatua chini vizuri. Tatizo ni upana: mita moja ni kitanda, si benchi. Lichane kwa urefu, lakini pitisha msumeno kando ya gogo la katikati, usilikate lenyewe. Kipande utakachotumia kitabaki na magogo mawili, nacho hakitayumba. Vile vipande vilivyobaki ndivyo vitakupa mbao za egemeo.

Kuzibandua hizo mbao ndiko kunakokatisha watu tamaa. Misumari ya mapaleti mara nyingi imesokotwa, ukiivuta kwa nguvu ubao unapasuka. Ingiza msumeno wa kukatia chuma kwenye upenyo kati ya ubao na gogo, ukate misumari taratibu. Ubao unatoka mzima.

Piga msasa namba 80, kisha 120, pua na mdomo umefunika. Usifanye haraka kwenye kingo: vibanzi vya paleti vinaingia mapajani mwa watoto.

Pwani hii chumvi inakula chuma, kwa hiyo funga kwa skrubu zilizopakwa zinki, si misumari mitupu. Kwa mchwa, paka oili chafu upande wa chini tu unaogusa sakafu, uache ikauke kabisa. Mahali pa kukalia panatosha vanishi.

Mito jaza sufi kama unaipata; kwa joto letu naipenda kuliko sponji. Ila sufi haipendi maji, basi foronya ya kitenge ishone na zipu, uivue na kuifua peke yake, na mito uingize ndani mvua ikianza.