Dawa za mama zimebadilishwa: umuulize nani?

Dada, pole na kuuguza. Umesema daktari amebadilisha dawa za mama, muuguzi wa usiku hakukueleza kitu, na sasa hujui umfuate nani.

Anza na muuguzi. Wengi humpuuza, lakini ndiye anayeshinda na mgonjwa. Pumzi ikibadilika au mama akianza kuchanganyikiwa, yeye ndiye huona kwanza. Mwulize muuguzi huyo ni daktari yupi anayemsimamia mama, na anapita wodini saa ngapi. Maswali ya ugonjwa na mpango wa tiba mwekee daktari huyo.

Kuangalia kama dawa zinagongana ni kazi ya mfamasia, na hapa usione haya. Andika kila anachotumia mama, hata mitishamba na dawa za kununua bila cheti, pamoja na dozi na saa. Warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na aspirini, kwa mfano, zikitumiwa pamoja huongeza hatari ya kuvuja damu. Orodha hiyo mwonyeshe kila anayeingia zamu, maana taarifa hupotea sana watu wanapokabidhiana.

Siku ya kuruhusiwa, omba maandishi: dawa ipi imeachwa, ipi ni mpya, na dalili zipi zikitokea mrudi haraka.