Mbona wamemsimamishia mwanangu antibiotiki?

SWALI: Mwanangu wa miezi saba yuko chumba cha wagonjwa mahututi, anapumua kwa msaada wa mashine. Usiku aliolazwa walimwanzishia seftriaksoni na gentamisini za mshipa. Siku ya tatu wakasimamisha zote mbili, eti kipimo cha kamasi kimeonyesha RSV, kirusi kinachoshambulia njia za hewa, na damu haikuota kitu. Lakini bado yuko kwenye mashine! Si tunaambiwa siku zote tumalize dozi? Au wamemkatia tamaa? – Mama mwenye hofu

JIBU: Pole sana, mama. Mimi ni mfamasia, huu mwaka wa kumi na moja nazunguka na madaktari vitandani mwa watoto mahututi. Swali lako huulizwa sana, kwa kawaida kwa sauti ya chini, daktari akishapita. Mtoto wako sijamwona, ila ulichoeleza hakifanani hata kidogo na kukatiwa tamaa.

Mtoto akiletwa anahema vile, na homa juu, hakuna jicho linaloweza kutenganisha bakteria na kirusi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu sepsisi ya watoto, yaani maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili, unasema mwenye dalili za mshtuko (damu haifiki vizuri kwenye viungo) apewe antibiotiki ndani ya saa 1. Asiye na mshtuko, madaktari wanazo hadi saa 3 za kumchunguza kwanza. Kwa hiyo kuanza usiku ule kulikuwa na sababu. Damu nayo ikapelekwa maabara kuoteshwa. Bakteria akiwamo, mara nyingi hujitokeza ndani ya siku mbili. Hakujitokeza, na kirusi kimeonekana. Mashine inaendelea kwa sababu vinjia vya hewa vimevimba na kujaa kamasi, na uvimbe huo antibiotiki haziugusi. Anachohitaji ni oksijeni, kunyonywa kamasi, maziwa kwa mpira na siku kadhaa za subira.

“Maliza dozi” ni kwa aliyethibitika kuhitaji dawa, asije akaiacha mwenyewe nyumbani kwa kuwa amepata nafuu. Mwanao dozi yake haikukatizwa. Ilionekana hakuwa na ya kumaliza.

Nikuungamie kitu. Zamani tulikuwa na mtoto kama wako, akiwa kwenye meropenem, antibiotiki ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la kuchungwa, isitumike ovyo. Vipimo vilikuwa safi tangu siku ya tatu. Kila asubuhi tulisimama pale, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme “tuache”, na mimi mwenye karatasi ya dawa mkononi nikanyamaza. Ikafika siku ya kumi. Mtoto akaharisha, ulimi ukafunikwa na fangasi nyeupe, maana dawa ile haichagui: inafagia hata bakteria wa tumboni wanaomlinda. Wanaobaki ni wale sugu, na wakimshambulia siku nyingine, au wakihamia kitanda cha jirani kwa mikono yetu, dawa za kuwakabili huwa chache. Alipona, ila tangu hapo kila dawa ninayoisaini naiandikia pembeni saa ya kuijadili upya. Na gentamisini, ikizidi mwilini, inaweza kuumiza figo na masikio. Sioni kwa nini abebe hatari hiyo kwa ajili ya kirusi.

Kusimamisha si kufunga mlango. Homa ikirudi, oksijeni anayohitaji ikipanda ghafla, au kamasi ya kwenye mpira wa kupumulia ikigeuka nzito yenye usaha, wataotesha tena na kuanza dawa upya. Kesho raundi ikifika kitandani, uliza bila woga: “Mnaangalia dalili gani ili mjue anahitaji antibiotiki tena?” Daktari hataudhika. Akiwa na haraka sana, mshike mfamasia. Sisi hubaki nyuma tukiandika.