Re: Babu Mgoa, karani wa forodha Mombasa, simpati kwenye orodha za Wahindi

Salaam ndugu. Umesema umepekua orodha za Wahindi wa miaka ya 1920 na 1930, jina la babu halimo. Kwanza hamia orodha nyingine! Serikali ya Kenya iliwahesabu Wagoa kando na Wahindi, maana Goa, eneo la pwani ya magharibi ya India walikotoka, ilikuwa chini ya Wareno hadi Desemba 1961. Babu mzaa mama nilimtafuta miezi minane kati ya Wahindi, kumbe kaandikwa raia wa Ureno.

La pili ni herufi. De Souza, D'Souza, Souza: huyo ni mtu mmoja kwa makarani watatu. Tazama chini ya D na chini ya S pia.

Kama alifia Kenya, anza na Gazeti Rasmi la Serikali, matoleo mengi yamo mtandaoni. Usiishie kwenye uteuzi wa maofisa, kwani vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu. Nenda kwenye matangazo ya mirathi. Mimi hapo ndipo nilipompata babu yangu, tarehe na mahali alipofia.

Halafu parokia. Wagoa wengi walikuwa Wakatoliki, na daftari la ubatizo au ndoa hutaja wazazi, mara nyingine hata kijiji cha Goa. Nenda mwenyewe, na mwaka wa kukisia mkononi. Barua yangu haikujibiwa.

Kama alihamishiwa Entebbe baadaye, wadau wa Uganda watakusaidia kuliko mimi.