Uliza Ujibiwe: Maumivu ya saratani hayasubiriwi yaanze

Shikamooni. Baba yetu ana miaka 68 na ana saratani ya pafu la kulia. Hospitali wamempa morfini ya maji, 5 mg kila baada ya saa nne. Mashangazi wanasema hiyo ni dawa ya mtu anayekata roho, na akiizoea atageuka teja. Kwa hiyo tunampa akilalamika tu. Usiku halali kabisa. Tunakosea wapi?
*Binti, Uyole*

Marahaba, binti. Mnakosea hapo kwenye "akilalamika tu". Morfini ya maji hushika kwa takriban saa nne, kisha nguvu yake huisha. Mkingoja alalamike, dawa itachukua nusu saa au zaidi kumfikia, naye anaumia muda wote huo. Tena maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha kuliko yale yaliyozuiwa mapema. Dawa hii inafuata saa, hata kama mzee anasema sasa hivi hajambo. Hajambo kwa sababu amekunywa.

Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mara nyingi daktari huandika dozi ya saa 4 usiku iwe mara mbili, ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku. Msifanye hivyo kwa kukisia. Mzee mwenye figo dhaifu hukaa na morfini mwilini muda mrefu zaidi, na ratiba yake huwa tofauti.

Muulizeni pia daktari kuhusu dozi ya ziada, ile ya maumivu yanayochomoza katikati ya ratiba. Kwa kawaida hulingana na dozi moja ya kila saa nne, na ikitolewa, dozi inayofuata hairukwi. Kila mkitoa ya ziada, andikeni kwenye daftari: saa, kiasi, maumivu yalikuwa ngapi kati ya 0 na 10, na nusu saa baadaye yamebaki ngapi. Zikizidi mbili au tatu kwa siku, rudini kliniki na daftari hilo. Daktari atajumlisha na kupandisha dozi ya msingi. Bila daftari atabaki kubahatisha, nanyi mtabaki mnasema "anaumwa sana", neno ambalo halimsaidii kupanga dozi.

Sasa chukueni chupa msome lebo. Morfini ya maji huchanganywa kwa nguvu tofauti. Ikiwa imeandikwa 5 mg kwa 5 ml, basi 5 mg ni 5 ml. Ikiwa ni 10 mg kwa 5 ml, 5 mg ni 2.5 ml tu. Familia hukariri "kijiko kimoja", inakuja chupa mpya yenye nguvu mara mbili, mzee analala fofofo na lawama zote zinaiangukia dawa. Vijiko vya nyumbani navyo havilingani. Ombeni bomba la sindano lisilo na sindano, na kila mkipewa chupa mpya mwambieni mfamasia awaonyeshe mstari wa kuishia.

Siku mbili tatu za kwanza atasinzia na pengine atasikia kichefuchefu, hayo hupungua. Kufunga choo hakupungui. Dawa ya kulainisha choo, mara nyingi bisakodili, ianze siku ileile ya morfini. Papai na maji ni nyongeza tu. Siku tatu bila choo, mpelekeni hospitali. Wagonjwa wengi wanaoikataa morfini wamechoshwa na tumbo kuliko dawa yenyewe.

Kuhusu uteja: mwili huizoea morfini, kwa hiyo haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Hilo si sawa na kuitamani dawa kwa ajili ya starehe. Wala si dawa ya kukata roho. Wako wanaoinywa miezi mingi huku wakiendelea na matibabu. Kinachotakiwa kuwatisha ni mzee asiyeamshika, au anayevuta pumzi chini ya 8 kwa dakika. Hapo msimpe dozi inayofuata, mkimbizeni hospitali. Na chupa ifungiwe kabatini, mbali na wajukuu.

Mama ana uvimbe juu ya pafu la kushoto. Bega linawaka moto hadi kidole kidogo cha mkono. Tunamchua kila jioni tukidhani ni baridi yabisi, na duka la dawa wanatuuzia diklofenaki.
*Msomaji, Mafinga*

Hiyo siyo baridi yabisi. Uvimbe wa juu ya pafu huweza kugandamiza mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Ndiyo maana anasikia kuwaka, ganzi, au kama shoti ya umeme. Kuchua hakufiki huko. Daktari huweza kuongeza dawa ya mishipa ya fahamu, kwa mfano amitriptilini kidogo usiku, na mionzi ikiwezekana. Diklofenaki ya kujinunulia acheni: huumiza tumbo na figo, na akiwa kwenye sisplatini, dawa mojawapo ya dripu za saratani, figo zinapigwa mara mbili.

Maumivu yakihamia mgongoni, yakizidi akilala chali, miguu ikaanza kulegea au mkojo ukagoma, msingoje kesho. Uti wa mgongo ukigandamizwa, kila saa ina thamani. Akishapooza, mara nyingi miguu hairudi.

Baba amepata dripu ya kwanza ya saratani siku tisa zilizopita. Jana alitetemeka, tukampa parasetamoli, homa ikashuka. Tuendelee hivyo?
*Kijana, Njombe*

Hapana. Mpelekeni leo, mkisha kusoma hapa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa, na maambukizi madogo huweza kumuua mtu ndani ya siku moja. Parasetamoli imeishusha homa, maambukizi yako palepale. Nunueni kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, au akitetemeka hata bila homa, safari ni ya hospitali, na mlangoni semeni kwanza: "Yuko kwenye dripu za saratani." Ikiwa parasetamoli ni sehemu ya dawa zake za maumivu, pimeni joto kabla ya kila dozi.

Makete Juni na Julai ni baridi kali. Tunamwekea bibi yetu mwenye saratani jiko la mkaa chumbani, lakini pumzi inambana zaidi.
*Mjukuu, Makete*

Litoeni. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayonyang'anya damu nafasi ya oksijeni, na oksijeni ya bibi imeshapungua tayari. Mpeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, soksi na blanketi la pili. Pumzi ikibana, aketi, aegemee mbele juu ya mito iliyowekwa mezani, fungueni dirisha kidogo, na mpepeeni usoni taratibu. Upepo wa usoni hupunguza hisia ya kukosa hewa. Na kulala naye chumba kimoja hakuna shida: saratani haiambukizi, vyombo vyake visitengwe.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya wametuandikia mgonjwa wetu rufaa ya mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tujiandae vipi na basi?
*Msomaji, Tukuyu*

Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima ya kuketi. Ratiba ya morfini isikatike njiani, na apewe dozi ya ziada, kama imeandikwa, nusu saa kabla ya kupanda. Chupa, cheti cha daktari, picha za CT na majibu ya kinyama kilichopimwa vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti. Chagueni kiti cha karibu na mlango, kwa ajili ya kuchimba dawa, na asijizuie kunywa maji kwa kuogopa hilo.

Akichorwa alama ngozini, zisisuguliwe kwa dodoki. Baada ya mionzi ya mfupa maumivu huweza kupanda kwa siku moja hadi tatu, na nafuu huchukua hata wiki mbili hadi nne, kwa hiyo morfini inaendelea. Ila maumivu yakishapoa, dozi ya zamani huweza kuwa kubwa mno kwake. Akianza kusinzia kupita kawaida, mpigieni simu daktari wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa, siku hiyohiyo aipunguze.